Chumvi ya ngozi kiwandani: kuikung'uta, kurudisha maji ya pikili, kuianika juani, au kuiepuka kabisa?

Kiwanda cha ngozi hupokea chumvi kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni ngozi yenyewe. Mwenye godauni ameipaka ngozi ya ng'ombe ya kilo 20 chumvi ya mawe kilo 8 hadi 10. Sehemu yake imetiririka sakafuni mwa godauni ikiwa majimaji mekundu, na iliyobaki inaingia nayo kiwandani. Mlango wa pili ni pikili, yaani ile hatua ya chumvi na asidi kabla ya kromu (dawa inayoifanya ngozi isioze), ambako fundi anamimina chumvi mpya aliyoinunua. Jioni zote mbili zinatoka kwa bomba moja.

Njia za kupunguza uchafuzi huu zipo kadhaa, na kila muuzaji wa vifaa husifu ya kwake. Kosa la kawaida ni kununua dawa ya mlango wa pili wakati mzigo mkubwa unapita mlango wa kwanza. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha, hesabu kidogo. Tani moja ya ngozi za chumvi hubeba takribani kilo 150 hadi 200 za chumvi, na zaidi pale aliyepaka hakuona uchungu wa chumvi. Pikili ya mzigo huohuo inatumia kilo 70 hadi 80. Yaani karibu theluthi mbili ya chumvi yote hutoka na maji ya kulowekea ngozi, ambayo ni ya mlango wa kwanza, na theluthi moja na pikili.

Na kwa nini isitibiwe tu mwishoni pamoja na taka nyingine? Kwa sababu haitibiki kwa mabwawa ya kawaida. Kromu huganda ukiipandisha pH (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi imepungua) kwa chokaa au magadi, damu na kinyesi huliwa na bakteria, lakini kloraidi hupita kwenye matenki yote ikatoka kama ilivyoingia. Kilo moja ya chumvi ina gramu 600 hivi za kloraidi, kiasi kinachotosha kuzifikisha lita 2,400 za maji safi kwenye miligramu 250 kwa lita, pale ambapo mnywaji anaanza kuisikia chumvi ulimini.

Wapo wanaosema Dar es Salaam ipo pwani, bahari ni ya chumvi tayari, tatizo liko wapi? Bahari kweli haina ugomvi na chumvi. Tatizo ni njia ya kufika huko. Maji yanayoingia Msimbazi yanapita kwenye bustani za mchicha zinazomwagiliwa kutoka mto huo, na yanayomwagwa kwenye udongo wa kichanga yanazama hadi visimani.

Vigezo

Kila njia hapa chini imepimwa kwa maswali yaleyale: kazi yenyewe ikoje, chumvi kiasi gani inarudi na ya mlango upi, nini kinaharibika, inadai vifaa na nafasi gani, na inamfaa nani. Hesabu zote ni kwa tani moja.

1. Kukung'uta chumvi kavu kabla ya kuloweka

Kazi yenyewe. Tengeneza meza ya fito za mbao zilizoachana sentimita 2, isiyo na kichwa cha msumari hata kimoja juu, maana msumari ukichora uso wa ngozi mchoro huo utaonekana mpaka kwenye kiatu. Chini tandika turubai. Watu wawili washike ngozi kwenye miguu, wainyanyue na kuipiga mezani upande wa nyama ukiangalia chini, mara tatu au nne. Kisha wapitishe brashi ngumu kwenye mikunjo ya shingo na tumboni, ndiko chumvi inakojificha. Kiwanda kikubwa hutumia dramu ya wavu inayozunguka polepole. Ikienda kasi, ngozi hujikwaruza na chumvi yake yenyewe.

Saa ya kazi ina maana kubwa Dar kuliko Dodoma. Chumvi huanza kunyonya maji hewani unyevu ukizidi asilimia 75, na asubuhi nyingi za hapa huzidi hapo. Ngozi iliyokung'utwa saa moja asubuhi hutoa tope. Ileile ikikung'utwa kati ya saa tano na saa kumi, punje zinamwagika. Wafanyakazi wavae barakoa na glavu: vumbi la ngozi mbichi linaweza kubeba kimeta, na chumvi kwenye kidonda haihitaji maelezo.

Kinachorudi. Tarajia kilo 40 hadi 80 kwa tani, ya mlango wa kwanza. Pima mwenyewe, kwa sababu inategemea aliyepaka na unyevu wa siku.

Kinachoharibika. Chumvi hii ina nywele, damu, kinyesi na mchanga. Ina pia vijidudu vinavyopenda chumvi, vinavyoleta madoa mekundu upande wa nyama kwenye joto la nyuzi 30 na zaidi. Ukiirudisha kwenye ngozi mbichi bila kuichoma kwa joto kali, umepanda mbegu ya madoa godauni zima. Mahali pake sahihi ni pikili, na iende huko ikiwa maji yaliyochujwa. Chekecha kwa wavu wa milimita 5, yeyusha kilo 25 kwa kila lita 100 za maji, iache itulie saa 24, engua mafuta juu, kisha fungulia bomba lililo sentimita 15 juu ya kitako cha tenki na upitishe maji kwenye kitambaa kizito. Yakibaki na ukungu, jaribu shabu kwenye chupa ya lita moja kabla ya kuitia kwenye tenki. Kwa chumvi safi haidromita ya Baumé, kile kipimo cha kuelea kinachoonyesha uzito wa maji, itasoma 18 au 19. Ikisoma 15, tofauti hiyo ni mchanga, unyevu na samadi uliyokuwa ukiihesabu kama chumvi. Maji ya digrii 18 au 19 yana gramu 230 hivi za chumvi kwa lita, kwa hiyo lita 300 zinatosha pikili ya tani moja. Usisahau kupunguza maji ya dramu ya pikili kwa kiasi hicho, la sivyo pikili itakuwa nyepesi.

Vifaa na nafasi. Meza, turubai, chekecheo, tenki mbili za plastiki. Gharama yake kubwa ni vibarua.

Inamfaa nani. Karibu kila anayepokea ngozi za chumvi, hasa kiwanda kidogo. Haimsaidii anayepokea ngozi zilizowambwa na kukaushwa bila chumvi. Mwenye godauni anaweza kukung'uta kabla ya kuuza, ila ajue mnunuzi atapima ngozi nyepesi, hivyo wakubaliane bei kwanza.

2. Kurudisha maji ya pikili

Hii ndiyo njia inayopendwa na mafundi wa kemia, na kwa haki: maji ni masafi kiasi na yana asidi iliyokwisha kulipiwa. Ni pia njia ambayo ukiikosea unaharibu mzigo mzima kwa usiku mmoja, kwa hiyo tutakaa nayo zaidi.

Kazi yenyewe. Chukua tani moja ya ngozi iliyotolewa manyoya na chokaa. Pikili ya kawaida ni maji lita 800, chumvi kilo 70, asidi ya fomiki kilo 5, asidi ya salfuriki kilo 10. Asidi zote huzimuliwa mara kumi, kwa kumimina asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, kisha hutiwa kwa awamu. Asubuhi pH iwe kati ya 2.8 na 3. Kata kipande chembamba kutoka sehemu nene ya mgongo au shingo, dondoshea kiashiria cha bromokresoli kijani. Kikiwa cha njano kutoka uso hadi uso, asidi imefika. Kikiwa na mstari wa kijani au buluu katikati, ngoja.

Sasa, kabla kromu haijaingia, toa lita 600 na acha 200 za kuanzia kromu. Hayo 600 yapite kwenye wavu wa milimita 1, yaende kwenye tenki la plastiki au faiba. Chuma cha kawaida kitaliwa na asidi, na kutu yake itaacha madoa kwenye ngozi. Engua mafuta yakishatulia.

Kwenye mzigo unaofuata, mpangilio ndio kila kitu. Ngozi mpya ina pH ya 8 hivi, na maji ya zamani yana pH ya 3. Ukiyamimina moja kwa moja, asidi inaifikia ngozi kabla ya chumvi ya kutosha. Ngozi inavimba, inateleza, inang'aa kama jeli, na uso wake ukishalegea haurudi. Kwa hiyo anza na lita 200 za maji safi na ile chumvi ya kuongezea, zungusha dakika 10, ndipo ulete maji ya zamani. Zungusha tena dakika 10 na upime: haidromita isome 6 hadi 8. Chini ya hapo, hakuna asidi mpya mpaka uongeze chumvi.

Kinachorudi. Utasikia kwamba njia hii inaokoa asilimia 80 ya chumvi ya pikili. Fanya hesabu. Ngozi yenyewe kwenye hatua hii ina maji kama lita 700 ndani yake. Hadi asubuhi zile kilo 70 zimejigawa kwenye lita 1,500, yaani gramu 47 hivi kwa lita. Lita 600 ulizozitoa zina kilo 28, yaani asilimia 40. Zilizobaki zimo ndani ya ngozi na kwenye lita 200 ulizoziacha, na zitatoka na maji ya kromu. Anayetaka zaidi ya hapo lazima arudishe na maji ya kromu pia, ayachuje vizuri, na ayatumie kuanzishia pikili ya mzigo unaofuata. Inawezekana, na inaokoa kromu vilevile, ila chujio likiwa bovu kromu inashika kwa mabaka.

Kinachoharibika. Mambo matatu. La kwanza ni haidromita kudanganya. Yenyewe hupima uzito wa maji, haijui kama uzito huo ni wa chumvi ya mezani au ni salfeti zilizoletwa na dawa ya kutolea chokaa. Baada ya mizunguko kadhaa itasoma 7 wakati kloraidi imeshuka, na ngozi itavimba huku kipimo kikisema salama. Pima kloraidi kwa naitreti ya fedha, angalau mara moja kwa wiki, na mwaga sehemu ya maji pale pengo linapoonekana. La pili ni protini na mafuta yanayojilimbikiza: povu, harufu, na ukungu tenki likilala wikendi nzima kwenye joto letu.

La tatu linaua. Ngozi ambayo haikusafishwa vizuri salfaidi ya kutolea manyoya, ikikutana na maji ya asidi, hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi. Mwanzoni inanuka yai bovu, na ikizidi pua inakufa ganzi huisikii tena. Kwa pikili ya kawaida fundi anatia asidi kidogo kidogo, lakini hapa unamimina lita 600 zenye asidi kwa mkupuo. Weka karatasi ya asetati ya risasi kwenye maji ya mwisho ya kuoshea: ikigeuka nyeusi, osha tena. Na mtu asiinamie mlango wa dramu.

Vifaa na nafasi. Pampu isiyoliwa na asidi, tenki lenye ujazo wa mzigo mmoja na nusu, wavu, haidromita, kipima pH, na kikona cha maabara. Nafasi ni ndogo, lakini fundi wa kubahatisha hafai.

Inamfaa nani. Kiwanda kinachotoa mizigo ya aina moja mfululizo, kwa mfano ng'ombe kila siku. Anayechanganya mbuzi leo na ng'ombe keshokutwa atakuwa na maji yanayokaa siku nyingi bila kazi, na kila mara atalazimika kurekebisha hesabu.

3. Kuanika maji ya kulowekea juani

Kazi yenyewe. Maji ya kwanza ya kulowekea, ambayo ndiyo yenye chumvi nyingi, yanatengwa na kupelekwa kwenye mabwawa ya kina kifupi yaliyotandikwa plastiki nzito, maji yakauke na chumvi ibaki. Wazo ni lilelile la mashamba ya chumvi ya Bagamoyo, na ndiyo sababu linawavutia wengi hapa.

Kinachorudi. Kwa nadharia, karibu chumvi yote ya mlango wa kwanza iliyomo kwenye maji uliyoyatenga. Kwa vitendo, unapata tope la chumvi lenye protini, lisilofaa ngozi mbichi wala pikili bila kuchomwa na kusafishwa. Maji yameondolewa kwenye mto, lakini chumvi haijapata kazi mpya.

Kinachoharibika. Nafasi na mvua. Tuseme jua la Dar linakausha milimita 4 za maji haya kwa siku ya kiangazi. Mita moja ya mraba inaondoa lita 4. Tani moja ya ngozi iliyolowekwa kwa lita 1,500 inahitaji mita za mraba 375, kila siku, kwa tani moja tu. Ukiloweka kwa lita 3,000 ni mara mbili yake. Masika ya Machi hadi Mei ikija, mabwawa hujaa badala ya kukauka, na yakifurika yanamwaga kwa siku moja chumvi ya miezi. Ongeza inzi na harufu, na majirani. Plastiki ikitoboka, chumvi inashuka kwenye udongo wa kichanga bila mtu kujua.

Jimbo la Tamil Nadu, India, limetumia mabwawa haya kwa miaka mingi, tena kwenye eneo kavu kuliko hapa. Shinikizo la mahakama baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya India ya mwaka 1996 liliwasukuma wenye viwanda kwenye mitambo mikubwa ya kuchuja na kuchemsha maji. Hata huko, malundo ya chumvi chafu yasiyo na mnunuzi yamebaki kuwa tatizo.

Inamfaa nani. Mwenye eneo kubwa nje ya jiji, mahali pakavu, mwenye mpango ulioandikwa wa chumvi hiyo kwenda wapi. Ndani ya Vingunguti au Tabata, ardhi peke yake inaua hesabu.

4. Kupokea ngozi bila chumvi, au yenye chumvi kidogo

Kazi yenyewe. Ngozi itoke machinjioni, ioshwe, na iingie kwenye maji ya chokaa siku hiyohiyo. Kwa joto la Dar una saa 4 hadi 6 kabla manyoya hayajaanza kung'oka yenyewe. Ukihitaji muda zaidi, tumia barafu: kuipoza ngozi ya kilo 20 kunakula kilo 8 hadi 10 za barafu ukihesabu inayoyeyuka njiani, uzito uleule wa chumvi ambayo ungeipaka, na inakupa siku moja au mbili tu. Njia ya kati ni kupunguza chumvi na kuongeza asidi ya boriki, kwa ngozi zitakazosindikwa ndani ya wiki chache.

Kinachorudi. Hakirudi kitu kwa kuwa hakikuingia. Mlango wa kwanza unafungwa karibu wote.

Kinachoharibika. Foleni ya magari. Ngozi zikilundikwa nyuma ya gari zikiwa na joto la mnyama, za katikati zinaoza kwanza, na hutajua mpaka uso umechubuka baada ya chokaa. Zitandazwe, zisirundikwe. Kuhusu boriki, kumbuka kwamba boroni hudhuru mimea. Kama maji yako yanaishia bustanini, umebadilisha sumu tu.

Vifaa na nafasi. Mkataba na machinjio, gari, chanzo cha barafu, na dramu inayokuwa tayari saa ngozi zinapofika. Hili la mwisho ndilo huwashinda wengi: ng'ombe huchinjwa usiku na alfajiri, fundi wa chokaa anaingia saa mbili.

Inamfaa nani. Kiwanda kilicho jirani na machinjio. Haimfai anayenunua kutoka Singida au Shinyanga.

Kuchagua kwa hali yako

Kiwanda kidogo kinachonunua ngozi za chumvi kutoka mikoani kianze na meza ya kukung'utia, kwa sababu mlango wa kwanza ndio mkubwa na mtaji ni mdogo. Kilo zinazopatikana zinaweza kulisha pikili yako yote, na hapo umeacha kununua chumvi.

Angalia lakini mtego mmoja. Ukikung'uta vizuri na pia ukarudisha maji ya pikili, unabaki na chumvi ya ziada. Pikili inataka kilo 42 za nyongeza, wakati meza inakupa hadi 80. Panga matumizi ya ziada hiyo kabla ya kununua pampu. Njia hizi mbili zinaelewana tu pale ambapo ngozi zako hutoa chumvi kavu kidogo, kilo 40 hivi.

Anayenunua ngozi ambazo hazijapita kwenye chumvi, au anayezipata mbichi machinjioni, hana cha kukung'uta. Yeye chumvi yake yote iko kwenye pikili, kwa hiyo maji ya pikili ndiyo ya kushughulikia, mradi awe na mtu wa kupima kloraidi. Asiyekuwa naye atumie kwanza maji machache na chumvi iliyopimwa kwenye mizani badala ya kukisia kwa ndoo.

Mwenye nafasi pembeni ya jiji anayefikiria mabwawa ayaone kama hatua ya mwisho baada ya kukung'uta, kwa maji ya kwanza tu, na apate ushauri wa NEMC, baraza la taifa la mazingira, kuhusu tope kabla ya kuchimba.

Na anayepokea mizigo mchanganyiko yenye madoa mekundu, asirudishe chumvi hiyo popote kiwandani. Iwekwe kwenye magunia yenye alama, chini ya paa na juu ya mbao, mbali na ngozi mbichi, mpaka mkandarasi wa taka mwenye kibali aje aichukue.